Budimir Stojadinović, Aliyeishi kwa Figo la Dada Yake

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemlaza leo, Budimir Stojadinović, alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 katika kijiji hiki hiki karibu na Zaječar, mtoto wa pili na wa mwisho wa Radosav na Leposava. Wa kwanza ni Stamena, shangazi yangu, aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na tangu hapo hakuwahi kukubali kwamba alishashuka.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini hadi mwaka 1966, kisha akajifunza useremala mjini Zaječar. Masomo aliyaanza na akayamaliza, jambo ambalo katika nyumba yetu amelifanya peke yake.

Maisha yake yote ya kazi alitengeneza mapipa ya mvinyo. Alikuwa akigonga pipa kwa kidole, anasikiliza, kisha anasema, "Huyu atakunywa kuliko padri." Pipa lake halikuvuja.

Tarehe 21 Oktoba 1978 alimwoa Desanka, mama yangu. Wanasema siku hiyo Shangazi alilia kuliko mama wa bibi harusi.

Mwaka 2009 mafigo yake yalikufa. Mama alikuwa wa kwanza kujitolea kutoa lake. Madaktari wakalikataa, damu hazikupatana. La Shangazi likapatana. Tarehe 17 Machi 2011, mjini Belgrade, figo la Shangazi likaingia tumboni mwa marehemu. Mama alimshukuru Mungu, kisha akanuna miaka kumi na miwili.

Maana Shangazi hakutoa figo akaenda zake. Kila Jumapili alikuja, akampapasa mdogo wake tumboni na kuuliza, "Wangu hajambo?" Supu ya Mama aliionja kabla ya mwenyewe.

"Desanka, chumvi yote hii! Unamlisha au unamkausha kama paja la nguruwe?"

"Wifi, ulitoa figo. Hukununua mume."

"Sikumnunua. Nilikukopesha."

Vidonge vya kuuzuia mwili usilikatae figo alivimeza asubuhi na jioni. Mama alivishika mwenyewe, wala hakuruhusu mkono mwingine uviguse. Shangazi alipiga simu kumkumbusha. Mama akaiacha ilie. Kila Machi Shangazi alileta keki, eti mdogo wake kazaliwa mara ya pili. Mama naye akaanza kuoka ya siku ya ndoa, kubwa zaidi. Marehemu, mtu wa amani, kwenye kila keki alikula kipande cha ukubwa uleule. Pembeni akaninong'oneza, "Mmoja kanipa figo, mmoja ananipa vidonge. Mimi ni chupa tu."

Mwezi uliopita kifua kilimbana. Alifariki Jumatatu tarehe 2 Oktoba 2023, hospitalini Zaječar. Daktari alisema mapafu ndiyo yaliyoshindwa. Figo lilikuwa likifanya kazi hadi mwisho. "Mmesikia? Si langu!" alisema Shangazi kwenye korido, kisha akakaa sakafuni. Mama hakumwinua.

Waliotoka mbali wajue desturi yetu. Ndugu waliozaliwa mwezi mmoja, mmoja akifa, aliye hai hufungwa naye kwa pingu ya farasi, mguu kwa mguu, kisha hufunguliwa, asije akamfuata. Anayejitolea kumfungua huwa ndugu yake mbele ya Mungu, hadi kufa. Shangazi ni wa Julai, lakini jana, jeneza likiwa wazi sebuleni, alisema, "Tuliogawana figo si zaidi ya waliogawana mwezi?" Hakuna aliyebisha. Akafungwa. Akaita, "Nani atanifungua?"

Binamu zangu walisogea. Mama akawatangulia, akautwaa ufunguo, akasimama nao.

"Naweza kukuacha hapo," alisema. "Mwende wote, kama ulivyotaka siku zote."

"Niache, wifi. Kipande changu kimo humo."

"Yaani hata huko unataka uwe naye peke yako?"

Shangazi alikuwa analia. Mama alisimama mpaka tukaanza kutazamana, kisha akapiga magoti na kufungua.

"Inuka, dada. Mkienda wote wawili, nitamwonea nani wivu?"

Marehemu ameacha mjane, Desanka. Dada, Stamena, ambaye tangu jana ni dada wa mjane pia. Na mwana mmoja, mimi Nebojša, ninayewasomea haya.

Pumzika, Baba. Huku hakuna tena anayekuvuta upande wake.