Mparachichi wa Shingo Ndefu

Benchi liko nje ya chumba cha ushonaji cha Sindano, pale kona, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali. Asubuhi hiyo Sindano alikuwa anakunja pindo la gauni huku wanaume watatu na chupa moja ya kahawa wakimtatulia shida yake. Shida yenyewe: kaka yake, Bosi, alikuwa ameukata mparachichi wa mama yao ili apate pa kuegesha gari ambalo bado hajanunua. Mama yuko kwa dada yao mkubwa, anarudi Jumamosi, na hakuna kati yao aliyemwambia. Mti wa aina ile, wenye tunda la shingo ndefu, sasa umebaki mahali pamoja tu: kituo cha utafiti wa matunda, ambako zamani wataalamu walipeleka vijiti walivyokata kwa mama huyohuyo. Sindano alitaka apate vijiti hivyo, vikonyo kama wanavyoviita wenyewe, avibebeshe, yaani aviunganishe na mche mwingine, mti urudi.

— Sahau, alisema Wakili, aliyepata jina hilo kwa kuwahi kutoa ushahidi kesi ya mbuzi. Mti ukishaingia utafiti ni mali ya serikali. Ukigusa jani, kesi.

— Kesi gani? Sindano aliuliza.

— Kesi ya jani.

— Nyie hamjui, Rada alidakia, yeye ambaye hupata habari kabla hazijatokea. Mle ndani kila mti una kamera yake. Na sisi wa vibustani vya uani hatupewi kitu. Wanapewa wenye ekari mia.

— Basi nivae suti, alisema Bosi. Niseme mimi mwekezaji.

— Suti ipi, kaka? Niliyokushonea ya harusi haifungi tangu mwaka juzi.

Bosi akavuta tumbo ndani, halikukubali.

— Sikilizeni, Rada akasogea. Wakili anazimia getini. Walinzi wanamkimbilia. Mimi naruka ukuta.

— Kwa goti lipi? Sindano aliuliza.

— Akikamatwa nitamtetea, Wakili akaahidi.

— Hapo ndipo atafungwa maisha.

Walicheka, Sindano naye akacheka, lakini alikuwa anamwaza mama. Mama yake hufagia chini ya mti ule hata siku usiyodondosha jani.

— Si tupande wowote tu? Bosi alinong'ona. Parachichi ni parachichi.

— Mama ataujua kwa harufu ya jani.

— Basi tuseme ulipigwa na radi.

— Radi iliyokuja na msumeno, ikakata, ikapanga na kuni?

Mwenye gauni alikuwa amefika, amesimama na mkoba wake, anasikiliza.

— Samahani, jamani. Mlipowaomba, walisemaje?

Wakili akachungulia kikombe. Rada akatazama mawingu. Bosi akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

— Kuwaomba kivipi? Rada aliuliza mwishowe.

— Kwa mdomo.

Namba ya kituo aliitafuta mteja huyohuyo kwenye simu yake. Sindano akapiga, akaweka spika, sauti ya mwanamke mmoja ikapokea.

— Wa shingo ndefu? Upo. Ndiyo, wa bustani za nyumbani tunawapa pia, vichache, si vya kuuza. Tunapogoa wiki ijayo. Njoo na gazeti lililoloweshwa na mfuko, visikauke njiani. Na uwe na mche wa kubebeshea, unene wa penseli. Ukichomeka kikonyo kitupu ardhini umepanda kuni.

— Na kamera? Rada akapaza sauti.

— Kamera gani? Tuna mbwa mmoja, amezeeka.

Sindano akashusha pumzi ndefu. Kabla ujasiri haujapoa, akampigia mama yake, spika ikiwa wazi vilevile.

— Shikamoo, mama. Bosi amekata mparachichi wako.

Benchi zima likaacha kunywa.

— Marahaba. Najua. Jirani alinipigia mti haujafika chini. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme.

— Wiki ijayo nafuata vikonyo vyake kituoni.

Sauti ya mama ikashuka:

— Vyake vyenyewe?

— Vyenyewe, mama.

Upande wa pili mtu alipenga kamasi.

— Chukua vitatu, kimoja hakitashika. Na kaka yako ndiye atakayemwagilia, asubuhi na jioni, mpaka uzae.

Simu ikakatwa. Bosi alijifuta jasho, uso umemkunjuka kama nguo iliyopigwa pasi.

— Kwani unazaa baada ya miaka mingapi?

— Muulize Rada, alisema Sindano, akarudi kwenye pindo lake.