Mtunza Kwato

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, mtoto wa pili wa fundi cherehani. Baada ya shule ya msingi alisomea useremala, akahitimu mwaka 1976.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na shule ya kupanda farasi kutengeneza milango ya mazizi. Fundi wa viatu vya farasi, aliyefika kila baada ya wiki sita, alimwona akipiga tupa kwenye mbao, akamwachia kazi ya siku za kati ya ziara zake: kuchokoa uchafu chini ya kwato kila siku, kulainisha kingo zilizoanza kupasuka, na kutogusa kingine chochote. Hakugusa. Wenzake walimwita Mzee Tupa akiwa bado kijana. Kwake, usipoziba ufa hutajenga ukuta, utazika farasi.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981. Mkewe alizoea kumwambia mbele ya wageni, "Miguu ya farasi unaijua yote. Yangu je?"

"Simama niikague," naye alikuwa akijibu.

Alistaafu mwaka 2016, akapewa farasi jike aliyezeeka pamoja naye. Januari 2023 moyo ulimlemea, akalazwa.

Kila alasiri alimuuliza mkewe kama amechokoa kwato. Mkewe alisema ndiyo. Siku moja alimwagiza alete chuma cha kuchokolea. Kikaja kimeoshwa kwa sabuni. Marehemu alikinusa.

"Mama watoto, umekuja kuniona au kunidanganya?"

"Miguu ya nyuma sijaigusa. Naogopa teke."

"Ukwato ukioza, hasimami. Asiposimama, watamuua."

Akatoa mguu wake nje ya shuka, akamfundisha: simama ubavuni, elekea mkiani, teremsha mkono polepole mpaka chini, ndipo uinue. Wakarudia.

"Mzee, hii ni wodi, siyo zizi," alisema muuguzi.

"Ndiyo maana sipigi teke."

Kesho yake chuma kililetwa ndani ya gazeti, hakijaoshwa. Alikinusa tena. "Bado pameoza. Endelea."

Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Februari. Simu ya hospitali ilipoita, mkewe alikuwa ameinua mguu wa nyuma wa kushoto. Alimaliza kuchokoa, akaushusha, kisha akapokea.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe, wajukuu watatu na dada yake. Fundi wa viatu vya farasi alikagua kwato juzi. Palipooza panakauka, na farasi anasimama. Leo, kabla ya kuja hapa, mjane amezichokoa zote nne.

Apumzike sasa.