Jaribu bin Hija, Fundi Aliyeshika Upande Mtupu wa Jeneza

Marehemu Jaribu bin Hija alizaliwa Tibirinzi, Chake Chake, mwaka 1911. La, si hivyo, ni 1912. Kaka yake Shaame, anayeyasoma haya, alikuwa ameshaanza chuo cha Kurani, akaruhusiwa kwenda kumwona mtoto.

Marehemu naye alisoma chuoni, akaongeza miaka miwili skuli ya serikali, kisha akajifunza useremala. Milango mingi ya Madungu ni kazi yake. Mwaka 1934 alimuoa Bi Mwatum binti Duni. Kitanda cha harusi alikichonga mwenyewe, kikagoma kupita mlangoni. Maharusi wakalala mkekani siku tatu mpaka fremu ya mlango ikakatwa. Bi Mwatum kila akisimulia hucheka, si leo.

Kisha ikaja siasa. Matangani, watu wa chama kimoja wakawa wanakaa kulia kwa mlango, wa chama cha pili kushoto, na jeneza wakalishika vivyo hivyo. Novemba 1958 alifariki Mzee Masika, mtu wa kulia. Wa kushoto hawakuja. Jeneza likainama, Jaribu akaingia akashika mkono wa jeneza uliobaki mtupu upande ule.

Kesho yake wa kulia wakamkejeli, "Shikamoo, Bwana Kushoto!" Wa kushoto nao, "Weye si ndiye uliyemzika mtu wao?"

"Mie nimebeba maiti, jamani," akajibu.

Akaenda kwa Bwana Gulamali mwenye duka, msomaji wa magazeti, amweleze mambo haya ya kulia na kushoto yametoka wapi. Akaambiwa kuwa zamani kule Ufaransa, barazani mwao, waliomtetea mfalme walikaa kulia kwa mwenyekiti, waliompinga kushoto.

"Ni viti tu?"

"Viti tu, Fundi. Lakini watu walishachinjana kwa ajili ya viti hivyo."

Tangu hapo hakutulia. Mwishoni mwa mwaka uliofuata chama cha kushoto kikapasuka, wengine wakaenda kukaa na wa kulia. Waliotukanana jana wakawa mkeka mmoja. Yeye hakuna mkeka uliompokea. Kamba ya ndoo yake ikakatwa kisimani. Bimkubwa, jirani wa ukuta mmoja, akaacha kuitikia salamu. Juni 1961, habari za mauaji ya uchaguzi kule Unguja zilipofika, akayapigilia misumari madirisha yake mwenyewe.

Pumu ilimzidi Agosti mwaka huu wa 1963. Alilazwa siku nane, akarudi nyumbani, akafariki Alkhamisi, tarehe 5 Septemba, asubuhi. Kufa hakukuogopa, aliogopa njia ya kwenda kaburini.

Ameacha mjane, Bi Mwatum, watoto wawili, Msellem na Time, na kaka yake. Mola amfanyie wepesi, ampe huo utulivu ambao sisi tulimnyima.

Jumatano, siku moja kabla hajafariki, jamaa wa pande zote mbili walikuja kumkagua kitandani, kila upande na ukuta wake, kama mlivyokaa sasa. Aliinua kichwa akawauliza:

"Mtanishika pamoja, au mtaniacha mlangoni?"