Byamungu na Wimbo Uliokosa Mkono wa Mchungaji

Baada ya miaka kumi na minane ya kuendesha foklifti katika ghala letu hapa Buffalo, ndugu yetu Byamungu anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Anahamia Whitehall, kule Columbus, kwa binti yake Isaro. Dereva mwingine atapatikana. Mpiga gitaa wa kushika nafasi yake hatumwoni, na hapo ndipo panapouma.

Kwa walioajiriwa juzi: Wazee wa Ghala ni bendi ya roki ya wafanyakazi wa hapa. Earl, mpiga ngoma wetu, aliianzisha kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Ilianza na bluzi, gitaa moja na nyimbo za polepole za watu waliochoka, ambazo Earl alizirithi kwa bibi yake aliyetoka Kusini mwa Marekani. Halafu vikaja vipaza sauti vikubwa, nywele ndefu na kasi. Mwishowe rafu zilikuwa zinatetemeka na bluzi yenyewe haisikiki.

Byamungu alikuwa amejifunza gitaa kwenye kwaya, katika milima ya Kivu Kusini. Siku ya kwanza alipojiunga na bendi, alipiga mstari mmoja taratibu, kisha akanyamaza akingoja aitikiwe. Wenzake walidhani amesahau wimbo. Earl peke yake aliweka vijiti chini akacheka, akasema huo ndio muziki wa bibi yake.

Kisa cha Louisville mnakijua, lakini mimi sichoki kukisimulia. Bendi ilialikwa kupiga kwenye baa moja kule. Sasa, kanisani kwa akina Byamungu kiitikio cha mwisho hurudiwa mpaka mchungaji anyanyue mkono, na baa haina mchungaji. Wimbo ulipofika mwisho wenzake walianza kukunja nyaya, yeye akaendelea. Wakamfuata kwa aibu. Wateja wakaacha glasi zao wakaitikia, mhudumu wa kaunta akaitikia, mpiga besi akawa anaomba kwa macho ruhusa ya kwenda msalani. Ilibidi mwenye baa azime umeme. Ndani ya gari Byamungu alijieleza kwa upole, kwa Kiswahili chake cha Kivu chenye Kifaransa ndani:

“Bon, hakuna mutu alinyanyula mukono. Donc mi nikaendelea tu.”

Tangu siku ile bendi haikurudia kelele zake. Bluzi ilirudi nyumbani, na roki ikajifunza kungoja kuitikiwa.

Lakini wiki iliyopita Byamungu alimwambia Isaro kwamba gitaa litabaki Buffalo pamoja na buti za kazi. Huko Whitehall atakuwa babu mwenye heshima zake, alee wajukuu. Habari hiyo imetuhuzunisha sana. Earl amekuwa akiacha nusu ya chakula chake cha mchana, na Earl si mtu wa kuacha chakula. Tulipompigia Isaro, alisema kona ya gitaa ameshaiandaa karibu na dirisha, na wajukuu wanamngoja mwalimu.

Jumamosi, kwenye sherehe ya kumuaga katika ukumbi wa kanisa pale barabara ya Bailey, atapiga wimbo ule ule wa Louisville. Tumemwomba mchungaji aweke mikono yote miwili mfukoni, naye amekubali. Nanyi wote mfanye hivyo.

Byamungu, asante kwa kazi na kwa kucheka nasi. Nenda salama, ulale mpaka jua litoke kama ulivyokuwa ukitamani, na kwenye gari la kuhama kitu cha kwanza kupakia kiwe gitaa. Hakuna mtu aliyenyanyua mkono.

Précieuse, idara ya kufungasha