Nobu Mpya za Kinanda cha Luhaga

Kijiwe chetu kiko mbele ya kibanda cha fundi redio, mkabala na ghala la pamba, hapa Bariadi. Benchi moja, birika moja la kahawa, watu wanne wa kudumu. Bidhaa za nje zilishakuwa ruksa, maduka yamejaa vitu vya kung'aa, na sisi tukataka kila kitu king'ae. Luhaga, mpiga kinanda wa kanisani, kipofu tangu utotoni, alikuwa Maswa kualika ndugu kwenye harusi ya binti yake. Huku nyuma tukamwandalia zawadi. Kinanda chake kile cha umeme, kilichoachwa na padre mmoja Mzungu, tulikivua nobu zote chakavu, zile za kuzungusha kama za redio, tukakivisha mpya kumi na nane. Jumamosi asubuhi akarudi, akakigusa kanisani, akapiga yowe. Akasema hicho si chake, akatoka akipapasa ukuta. Harusi ni saa nane mchana, na alikuwa ameapa kumpigia binti yake mwenyewe. Sisi huku benchini tumepigwa butwaa.

Wa kwanza kusema alikuwa Thomasi, fundi mwenyewe, tunamwita Transista.

— Haki ya Mungu, sijagusa hata waya mmoja! Nimechomoa nobu, nimechomeka nobu. Basi!

— Basi wapi, na mtu mzima analia? — Huyo ni Selestini, Soko Huria, msifiaji wa kila kitu cha nje. — Nyie hamjui, kizuri kinashtua. Mjomba wangu alinunuliwa godoro la sponji, akalala chini wiki nzima.

Mzee Jilala, tunamwita Marobota kwa kubeba pamba miaka thelathini, alitikisa kichwa.

— Zile za zamani zilikuwa na mkono wa yule padre. Mmezitoa, mmemfukuza padre.

— Padre si yuko kwao Ulaya, mzee? — Transista akauliza.

— Mwili ndio uko Ulaya.

— Mimi nasema kinanda kimeibwa! — Soko Huria alisimama kabisa. — Kuna bendi ya Mwanza ilipita hapa. Wamechukua chetu, wametuachia pacha wake.

— Pacha mwenye nobu zangu mwenyewe?

Mimi nikauliza hizo za zamani zilikuwa na ubovu gani hasa.

— Zimeliwa, ndugu yangu, — Transista akasema. — Moja ina pengo pembeni, nyingine mapengo mawili, nyingine ina kitobo. Nikajua panya.

Marobota akaweka kikombe chini.

— Mapengo ya namna gani? Hebu chora.

Transista akachora vumbini kwa bisibisi. Mzee akashika kichwa.

— Mayu wane, mama yangu! Panya gani huyo? Hizo ni alama! Luhaga kazikata kama tunavyokata masikio ya ng'ombe! Kila nobu anaijua kwa kidole, ni ipi na imeelekea wapi!

Transista alikuwa ameachama.

— Ziko wapi? — mzee akauliza.

— Chooni.

— Choo kipi?

— Cha shimo. Nilizitupa zote.

Tulipiga kelele mpaka wapakiaji wa pamba wakachungulia.

— Si atazizoea hizi mpya? — Soko Huria hakukoma. — Saa nane bado mbali!

— Kinanda kile hakikumbuki kitu, — Transista akasema kwa sauti ya mgonjwa. — Kila sauti unaitafuta kwa nobu zote. Ukikosea moja tu, panda, ile sauti ya tarumbeta, inalia kama punda.

Hapo akatokea Kabula, bibi harusi mwenyewe, nusu ya kichwa imesukwa, nusu haijasukwa. Hakutuambia hata mwangaluka. Binti wa Kisukuma kuwapita wazee bila salamu! Alisimama mbele yetu macho yamemvimba.

— Nauliza kitu kimoja tu, baba zangu. Kabla hamjakigusa, nani alimuuliza baba?

Transista akatazama bisibisi yake. Mzee alikuwa akifuta ile michoro kwa mguu.

Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Benchini pale pale tulikaa siku mbili nzima tukibishana nobu za kipofu ziwe rangi gani. Nilishinda mimi. Nilisema nyekundu.