Ruhusa ya Kushuka

Katika basi la Grimsby, mji wa bandari huko Uingereza, mama aliyekaa nyuma yangu alimvaa mzee aliyekaa kando yangu. "Mzee Cuthbert, tangu uache kuwafundisha makadeti wa baharini, watoto hawajagusa kasia. Leo kikosi kinafungwa."

"Magoti, mama."

"Magoti! Ya kwenda baa mbona mazima? Binti yangu anasema uliondoka bila kuomba ruhusa ya kushuka."

Ukumbi wa makadeti hao, watoto wanaojifunza ubaharia, ni wa matofali, lakini wao huuita meli. Hata ukienda kununua chipsi, sharti upige saluti na kuomba kushuka.

"Nitaomba siku nyingine."

"Ipi? Bendera inashushwa leo."

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Watoto walikuwa wamejipanga mlangoni, viatu vinang'aa. Mama akashuka peke yake. Mzee aliinua mkono hadi kwenye paji la uso, kisha akajifanya anajikuna.