Shangazi wa Amasya

Ndani ya tramu ya mji wa Samsun, Bi Müzeyyen alitega sikio. Kusikiliza si kosa. Kosa ni kuketi mbali. Wanawake wawili mbele yake walikuwa wakipanga safari ya majirani kwenda Amasya, mji wake mwenyewe.

"Tutaona makaburi ya wafalme na nyumba za kale mtoni," alisema mmoja.

"Makaburi utayaonea dirishani, Gülsüm. Shangazi wa mume wangu akijua tumefika, tutakaa mezani kula majani ya mzabibu yaliyojazwa wali mpaka basi la kurudi lipige honi."

"Basi usimwambie."

"Shoga, nifike Amasya nisibishe hodi kwa shangazi Nazire? Nitasemwa mpaka kaburini."

"Vaa miwani ya jua. Nani atakujua?"

Wakacheka mpaka machozi. Bi Müzeyyen alijiuma mdomo. Nazire alikuwa jirani yake huko Amasya, ukuta kwa ukuta. Alifikiria kunyamaza, ila hakufikiria kwa muda mrefu.

Tramu iliposimama, aliwainamia, simu ikiwa tayari sikioni.

"Wanangu, mtakuwa wangapi? Nazire anauliza aloweke mchele kiasi gani."